Uzito wa Mwili na Maumivu Sugu

Maumivu huhesabiwa kuwa sugu yanapodumu, au yanaporudi tena na tena, kwa zaidi ya miezi 3. Kipimo hicho kimo katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022. Toleo hilo liliyapangia maumivu sugu makundi yake na kukubali kwamba baadhi yake ni ugonjwa kamili, si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Humo mna mgongo unaouma miaka nenda miaka rudi, magoti yaliyosagika, nyayo zinazowaka moto usiku kwa wagonjwa wa kisukari, kipandauso, na maumivu ya mwili mzima ambayo vipimo vyote vya maabara hurudi vikisema hakuna kitu.

Uzito nao hupimwa zaidi kwa BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.58 ana BMI ya 36. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa amezidi uzito, na kuanzia 30 kuwa ana unene uliokithiri. Hesabu hii ilibuniwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji aliyekuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani, wala hakuwa na mgonjwa mbele yake. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys. Ni kipimo chepesi kisicho na gharama, lakini hakitofautishi mafuta na misuli, wala hakisemi mafuta yamekaa wapi. Kuli wa bandarini mwenye kifua kipana anaweza kupata 27 bila kitambi, na karani mwenye mikono myembamba na tumbo lililotangulia akapata 24. Katika habari ya maumivu tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yenye vurugu zaidi.

Kwamba uzito na maumivu huandamana hakuna ubishi. Mwaka 2012 watafiti Arthur Stone na Joan Broderick walichapisha uchambuzi wa majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni 1 waliohojiwa na kampuni ya Gallup. Wakilinganishwa na wenye uzito wa kawaida, waliozidi uzito walitaja maumivu kwa kiwango kilicho juu kwa asilimia 20. Kwa wenye BMI ya 30 hadi 34 tofauti ilikuwa asilimia 68, kwa wenye 35 hadi 39 asilimia 136, na kwa wenye 40 na kuendelea asilimia 254. Takwimu za namna hii, hata hivyo, ni picha ya siku moja. Hazisemi kama uzito ulileta maumivu, au maumivu yalileta uzito, au lipo jambo la tatu lililovileta vyote viwili. Kadiri utafiti ulivyokwenda, yote matatu hutokea, na mara nyingi ndani ya mtu mmoja.

Mahali pa kuanzia ni goti, kwa kuwa hapo ushahidi ni imara kuliko kwingine kote. Mtu anapotembea kwenye barabara tambarare, goti hubeba nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake, na kupanda ngazi au kuchuchumaa huongeza hapo. Mwaka 2005 Stephen Messier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipima mwendo wa wazee wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika, wakaona kwamba kila kilo 1 iliyopungua mwilini iliondoa takribani kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. Aliyepungua kilo 5 amelitua goti lake kilo 20 kila anapokanyaga, na hatua za siku moja ni maelfu. Kabla ya hapo, mwaka 1992, David Felson na wenzake walikuwa wamewafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, Massachusetts. Wanawake waliopungua kama kilo 5 katika kipindi cha miaka 10 walikuwa na uwezekano wa kusagika goti kwa maumivu uliopungua kwa zaidi ya nusu. Kilo 5 ndani ya miaka 10 si upungufu wa kutangazwa gazetini. Faida yake gotini ndiyo inayoshangaza.

Afrika Mashariki mzigo wa goti una mambo yake. Jiko la mkaa liko chini na mpishi huketi kwenye kigoda, nguo hufuliwa kwa kuinama, choo ni cha kuchuchumaa, na sijda hulikunja goti mpaka mwisho. Ndiyo maana mgonjwa hapa mara nyingi haanzi kwa kusema hawezi kutembea. Husema kwamba hainuki chooni bila kushika ukuta, au kwamba siku hizi anaswalia kwenye kiti. Maneno hayo humwambia daktari mengi kuliko picha ya eksirei, kwani picha na maumivu haviendi sambamba sana: wapo wenye goti lililochakaa vibaya kwenye picha wanaotembea bila shida, na wapo wanaokesha kwa goti ambalo picha yake ni karibu safi.

Mtaani maelezo ya kawaida ni kwamba ute wa magoti umekauka, na tiba inayosifiwa ni bamia au supu ya kongoro. Gegedu huchakaa kweli, na ute wa ndani ya goti hubadilika kweli. Lakini utelezi wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote. Hauna njia yake ya pembeni ya kufika gotini. Bamia angalau haidhuru. Supu ya kongoro yenye mafuta, ikinywewa kila jioni pamoja na chapati mbili, inaweza kuongeza kile kile kinacholilemea goti.

Ingekuwa habari yote ni mzigo, vidole vya mikono visingehusika, maana hakuna anayetembelea mikono. Hata hivyo watu wanene hupata kusagika kwa viungo vya vidole takribani mara 2 kuliko wembamba. Ugunduzi huo uliwalazimisha watafiti kuyatazama mafuta yenyewe. Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalidhaniwa kuwa ghala tu la nishati ya akiba. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake wa Boston walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali iitwayo TNF, ambayo ni mojawapo ya zile zinazowasha moto wa uvimbe mwilini. Mwaka uliofuata kundi la Jeffrey Friedman wa New York liligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Tangu hapo mafuta yamehesabiwa kuwa kiungo kinachofanya kazi usiku na mchana.

Seli za mafuta zinapojaa kupita kiasi, chembe za kinga huvamia eneo hilo kana kwamba kuna jeraha, nazo humwaga kemikali zaidi. Mafuta yaliyozunguka matumbo ndiyo yanayoongoza. Matokeo yake ni uvimbe hafifu, usio na homa wala wekundu, unaosambaa kupitia damu mwaka baada ya mwaka. Kemikali hizo huzifanya neva za maumivu ziwe nyepesi kushtuka, na zinaposhtuka mara nyingi, uti wa mgongo na ubongo navyo huzoea kuukuza ujumbe unaoletwa. Kuguswa kidogo kukawa kuumia.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2017 uliupa ushahidi huu sura ya kibinadamu. Watu wenye unene uliokithiri walipewa chakula cha majimaji chenye nishati ndogo kwa wiki 12. Waliopungua angalau asilimia 10 ya uzito wao walipata nafuu ya maumivu, na nafuu hiyo haikuishia magotini na nyongani. Ilifika hadi sehemu ambazo hazibebi chochote, kama mikono na taya.

Mgongo hauko hivyo. Maumivu ya kiuno na mgongo wa chini ndiyo yanayolemaza watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Mwaka 2020 walikadiriwa watu milioni 619 wanaoishi nayo. Unene huongeza uwezekano wa kuyapata, ila kwa kiasi cha wastani tu, na watafiti walipolinganisha mapacha wa yai moja, ambao hushiriki urithi na malezi, sehemu kubwa ya uhusiano huo ilififia. Hapo kazi ya kunyanyua mizigo, kukaa muda mrefu, usingizi mbaya na sonona hupewa uzito unaostahili. Dereva wa lori mwembamba na mama mnene anayeuza mitumba wanaweza kuwa na mgongo wa aina moja. Kuwaambia wote wenye mgongo kwamba dawa ni kupungua ni kurefusha ushahidi wa goti kufika mahali usipofika.

Maumivu mengine yana njia zake. Jongo huja kwa tindikali ya yuriki kuzidi katika damu, na unene huizidisha. Kisukari huharibu neva za miguu. Mkanda na kitambi vikiibana neva ya kinena, paja la upande wa nje hufa ganzi na kuchoma. Kipandauso huelekea kuwa cha mara kwa mara zaidi kwa wenye unene uliokithiri, na kuna ugonjwa wa shinikizo la maji ya ubongo, unaowapata hasa wanawake vijana wanene, ambao huleta kichwa kikali na kuhatarisha macho. Huo hupoa uzito unapopungua. Nchini Norway, katika utafiti uliowafuatilia wanawake kwa miaka 11, waliozidi uzito walipata ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 60 hadi 70, na waliofanya mazoezi walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Upande wa pili wa uhusiano huu, ule wa maumivu kuleta uzito, huzungumzwa kidogo kuliko unavyostahili. Anayeumwa hupunguza mwendo. Kwanza anaacha kwenda sokoni kwa miguu, anapanda bodaboda. Kisha anatuma mtoto dukani. Mwishowe shughuli zake huwa ni za kiti na kitanda. Msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaolishika goti lisiyumbe, hunywea upesi usipotumika, na goti lisiloshikwa huuma zaidi. Wengi huogopa kwamba kutembea kutalimaliza goti lililobaki, hofu inayoeleweka ila isiyo sahihi, kwa sababu gegedu hulishwa na mwendo wenyewe.

Usingizi huongeza lake. Usiku wa maumivu ni usiku wa kugeuka-geuka, na mwili usiolala hutoa zaidi homoni ya njaa na kuvumilia maumivu kidogo zaidi kesho yake. Mnene anayekoroma na kukatika pumzi usingizini hupigwa mara mbili. Sonona, ambayo huandamana sana na maumivu sugu, wengine huwanyima hamu ya kula na wengine huwasukuma kwenye soda, maandazi na chipsi, vitu vya bei ndogo vinavyofariji upesi. Hapo pia ndipo lilipo lile jambo la tatu: umaskini, misukosuko ya utotoni na msongo wa muda mrefu huongeza uwezekano wa unene na wa maumivu kwa pamoja, bila kimoja kumzaa mwenzake.

Kisha zipo dawa. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa maumivu ya neva kwa kuwa ni rahisi kupatikana, huongeza uzito kwa wengi. Gabapentini na pregabalini vilevile. Prednisoloni na deksamethasoni huongeza hamu ya kula, huhamishia mafuta usoni na tumboni, hupandisha sukari na kula mifupa, na mgonjwa anaweza kuzinunua bila cheti akiambiwa tu kwamba ni dawa kali ya viungo. Nafuu ya siku za kwanza ni ya kweli, na ndiyo hatari yake. Diklofenaki na ibuprofeni hazinenepeshi, lakini mtu mnene mara nyingi ana shinikizo la damu au figo zilizochoka, na dawa hizo hudhuru yote mawili zikitumiwa miezi mfululizo. Mgonjwa aliyeongezeka kilo 8 mwaka alioanzishiwa dawa anastahili kuulizwa kuhusu dawa hiyo kabla ya kuulizwa kuhusu ugali.

Si kila maumivu sugu hukaa upande wa unene. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani, na inakadiriwa kwamba watoto kama 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Mwili wa mwenye selimundu huchoma nishati nyingi kutengeneza damu mpya badala ya ile inayovunjika, na kila shambulio la maumivu ya mifupa huua hamu ya kula. Watoto hao huwa wembamba na hukawia kukua. Kwao ushauri ni kuongeza chakula. Saratani na kifua kikuu cha uti wa mgongo huja na kukonda na maumivu kwa pamoja, na mtu mzima anayepungua bila kukusudia huku mgongo ukimuuma, hasa usiku, anahitaji vipimo haraka, si pongezi. Waliotumia stavudini, dawa ya UKIMWI ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe, wanakumbuka miguu iliyowaka na mafuta yaliyotoweka mashavuni na mapajani, vyote viwili kutoka kwenye kidonge kimoja. Hata kwa kipandauso, wembamba uliopita kiasi una hatari yake, ingawa ndogo kuliko ya unene.

Kumbukumbu ya UKIMWI ina sehemu yake katika jinsi uzito unavyotazamwa Afrika Mashariki. Kwa kizazi kilichozika ndugu katika miaka ya 1980 na 1990, kukonda ni habari mbaya, na anayepungua kwa makusudi hukutana na maswali ya majirani: umepungua mno, kwema kweli? Kunenepa baada ya ndoa au kazi mpya husifiwa. Wakati huo huo unene umepanda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito au wana unene uliokithiri, na ule wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33. Ushauri wa kupunguza uzito kwa hiyo hutolewa ndani ya nyumba ambamo kupungua kunatafsiriwa kuwa ugonjwa au shida ya fedha, na mgonjwa anayerudi kliniki bila kupungua huenda amepambana na zaidi ya sahani yake.

Hospitalini kosa hugeuka upande mwingine. Mgonjwa mnene huambiwa punguza mwili kabla hajashikwa goti. Unene ukionekana mlangoni, uchunguzi mara nyingi huishia hapo, na nyonga iliyooza, neva iliyobanwa au baridi yabisi hugunduliwa kwa kuchelewa. Aliyeaibishwa mara moja hukawia kurudi, na kwa maumivu sugu kukawia ni gharama.

Kuhusu tiba, utafiti unaofundisha zaidi ni ule wa Messier na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, wenye watu 454 wa miaka 55 na zaidi waliokuwa na magoti yaliyosagika. Kwa miezi 18 kundi moja lilifanya mazoezi tu, la pili lilibadili chakula tu, la tatu lilifanya yote mawili. Wa chakula tu walipungua karibu kilo 9, wa mazoezi tu hawakufika hata kilo 2, na bado maumivu ya makundi hayo mawili yalishuka karibu sawasawa. Waliofanya yote mawili walipungua zaidi ya kilo 10 na maumivu yao yakashuka kuliko ya wote. Maana yake ni kwamba mazoezi yana faida yake yenyewe, mizani isome itakavyosoma. Mgonjwa aliyefanya mazoezi miezi 3 na mizani ikabaki palepale hajashindwa, na mwenye kumwambia ameshindwa anamwondolea tiba inayofanya kazi.

Kwa utaratibu huo, kliniki nzuri huanza kwa kuyapunguza maumivu kiasi cha kumwezesha mtu kusogea, kwa dawa zilizochaguliwa kwa kuangalia uzito wake. Ndipo yanafuata mazoezi ya kukaza paja, ambayo hufanyika hata kwenye kiti: kunyoosha mguu, kuushikilia, kuushusha polepole. Chakula hubadilishwa kwa yaliyomo jikoni, kilima cha ugali kikipungua na mboga na maharage kuongezeka, sukari ya chai ikishuka kijiko kwa kijiko. Lengo la kwanza ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa yule mama wa kilo 90.

Kwa unene mkubwa zaidi zipo njia nzito. Upasuaji wa kupunguza tumbo ulifuatiliwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 2,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mwaka 1 baada ya upasuaji asilimia 58 walikuwa na nafuu ya maumivu ya mwili, na mwaka wa 3 asilimia 49. Mteremko huo si wa kufichwa. Dawa mpya ya sindano, semaglutaidi, ilijaribiwa kwa watu 407 wenye unene na magoti yaliyosagika, na matokeo kutolewa Oktoba 2024. Baada ya wiki 68 waliochomwa dawa walipungua asilimia 13.7 ya uzito, na waliochomwa sindano tupu asilimia 3.2. Maumivu, kwa kipimo cha alama 100, yalishuka kwa alama 41.7 kwa wa kwanza na 27.5 kwa wa pili. Dawa ilifanya kazi, lakini alama 27.5 za kundi la pili nazo ni nyingi. Makundi yote mawili yalipewa ushauri wa chakula na mazoezi, na huduma ya kufuatiliwa kwa mwaka na zaidi si kitu kidogo. Dawa yenyewe ni ghali kwa anayelipia mfukoni, hupunguza misuli pamoja na mafuta, na uzito hurudi ikiachwa.

Linabaki suala la kubadilishiwa goti, upasuaji unaofanywa pia katika hospitali kubwa za ukanda huu. Kwa miaka mingi madaktari wengi duniani waliweka kikomo, mara nyingi BMI ya 40, na aliyekizidi aliambiwa apungue kwanza. Hoja yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa maambukizi ya jeraha huongezeka kwa unene. Lakini goti bovu ndilo lililomzuia mtu huyo kutembea, na wengi waliorudishwa walirudi na uzito ule ule na goti baya zaidi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 ulielekeza kwamba mgonjwa asinyimwe rufaa ya upasuaji wa kiungo kwa sababu ya unene, na mwongozo wa vyama vya Marekani vya madaktari wa baridi yabisi na wapasuaji wa viungo wa mwaka 2023 ukasema upasuaji usicheleweshwe kwa ajili ya kufikia namba fulani ya BMI. Hatari ya maambukizi inabaki palepale, na sasa huelezwa kwa mgonjwa ili aamue pamoja na daktari wake.